Homa imeondoka, mtoto amebadilika: jinsi ya kumsaidia mwanafunzi baada ya malaria kali

Kwa ufupi:
- Malaria kali inaweza kuacha athari katika ubongo wa mtoto hata baada ya vimelea kuisha mwilini.
- Athari hizo huweza kuonekana darasani kama usahaulifu, utundu, hasira au degedege, na mara nyingi huchukuliwa kuwa utovu wa nidhamu au kazi ya wachawi.
- Wiki na miezi ya kwanza baada ya mtoto kurudi shuleni ndiyo ya kufuatiliwa kwa karibu zaidi.
- Mwalimu hahitaji kuwa daktari. Anachohitaji ni kuandika anachokiona, kuacha fimbo, kupunguza mzigo wa masomo na kujua wakati wa kumpeleka mtoto kituo cha afya.

Mwanafunzi wa darasa la pili anaondoka shuleni Ijumaa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Jumapili usiku anapatwa na degedege, anapoteza fahamu na kukimbizwa kituo cha afya kwa bodaboda. Wiki moja baadaye vipimo vinaonyesha kuwa hana tena vimelea vya malaria. Anaruhusiwa kwenda nyumbani, na jamaa zake wanamshukuru Mungu kwamba yamepita.

Anaporejea darasani, hata hivyo, si yule waliyemzoea. Alikuwa akisoma sentensi nzima, sasa anachanganya herufi. Alikuwa mpole, sasa anawapiga wenzake na hawezi kukaa kitako dakika 10. Mwalimu anaona utundu, jirani ananong'ona kwamba mtoto amerogwa, na baba anafikiria kumtoa shuleni achunge mbuzi hadi akili zitulie.

Hali hiyo inafahamika katika tiba na imechunguzwa kwa kina nchini Uganda kwenyewe. Maambukizi yanayofika kwenye ubongo, au yanayochochea kinga ya mwili kuushambulia ubongo, yanaweza kubadilisha kwa ghafla fikra, mienendo na hisia za mtoto. Katika maeneo ya mpakani kama Mukuju, malaria kali ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Kwa nini Mukuju

Mukuju ni kaunti ndogo wilayani Tororo, kwenye barabara inayotoka mjini Tororo kuelekea Mbale. Ina kituo cha afya cha daraja la nne, na kwa miaka mingi jina lake limejulikana kwa chuo chake cha walimu wa shule za msingi. Wakazi wake husema Kiateso na Dhopadhola nyumbani, na wengi hutumia Kiswahili sokoni na wanapovuka mpaka wa Malaba na Busia.

Tororo imekuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi mno duniani. Watafiti waliohesabu mbu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mkazi mmoja wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014 ulipunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa. Baada ya dawa iliyokuwa ikitumika kubadilishwa mwaka 2020, malaria ilipanda tena.

Kupanda na kushuka huko kuna maana kwa shule. Mahali ambapo malaria ni nyingi wakati wote, wanaougua vikali zaidi ni watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Inapopungua kwa miaka kadhaa, watoto hukua wakiwa na kinga hafifu, na ugonjwa mkali huanza kuwapata pia wenye umri wa kwenda shule. Tena hao ndio ambao mara nyingi hawalali ndani ya chandarua, kwa kuwa chandarua cha nyumbani hupewa kwanza mama na mtoto mchanga.

Malaria inavyoufikia ubongo

Malaria kali husababishwa hasa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Zikinata katika mishipa ya ubongo, damu hushindwa kupita vizuri, ubongo hukosa hewa na sukari ya kutosha, na wakati mwingine huvimba. Mtoto hupatwa na degedege, kisha huzimia. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo.

Matibabu yameboreka. Utafiti mkubwa uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania, ulitoa matokeo yake mwaka 2010. Ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa maisha zaidi kuliko kwinini: waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza dawa hiyo kwa watoto wenye malaria kali.

Hata hivyo, dawa inayoua vimelea hairudishi palepale kilichoharibika wakati mtoto amezimia. Hatari ya kubaki na athari huongezeka kwa mtoto aliyezimia kwa muda mrefu, aliyepatwa na degedege mara nyingi au la muda mrefu, au aliyeshukiwa sana na sukari mwilini. Ndiyo sababu kila saa inayopotea kabla ya kufika kituoni ina gharama yake.

Utafiti wa Uganda ulichoonyesha

Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo, wakawalinganisha na watoto wenye afya kutoka jamii zilezile. Miezi 6 baada ya ugonjwa, asilimia 21.4 ya waliopona walikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza, ikilinganishwa na asilimia 5.8 ya wenzao. Baada ya miaka 2, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha asilimia 26.3 kwa asilimia 7.6. Kwa maneno mengine, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na tatizo, na lililojitokeza zaidi lilikuwa umakini.

Uchunguzi mwingine wa Mulago, uliochapishwa mwaka 2010, ulieleza mabadiliko ya mienendo: kutotulia, ukali, ukaidi na tabia za kuharibu vitu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mabadiliko hayo hayakuanza yote siku ya kutoka hospitalini, kwa kuwa baadhi ya watoto waliyaonyesha baada ya miezi kadhaa. Mzazi aliyekwisha kusahau ugonjwa hawezi kuyahusisha mambo hayo mawili kwa urahisi.

Mjini Blantyre, Malawi, watoto 132 waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa pamoja na wengine 264 waliolazwa kwa maradhi mengine. Kati ya wale 132, watoto 12 walipata kifafa. Kati ya wale 264, hakuna aliyekipata.

Tena si waliozimia pekee. Utafiti wa Uganda umeonyesha kwamba hata malaria inayosababisha upungufu mkubwa wa damu huweza kuathiri akili ya mtoto mdogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa na kuongezewa damu akiwa na miaka mitatu anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa tayari na kikwazo ambacho hakionekani kwa macho.

Neno degedege na uzito wake

Lugha yenyewe inaonyesha jinsi jambo hili lilivyoeleweka zamani. Katika pwani ya Afrika Mashariki, degedege limehusishwa na ndege au shetani anayempitia mtoto usiku. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitambua homa na malaria kuwa ugonjwa wa hospitali, lakini degedege waliliona kuwa jambo la mganga. Imani za aina hiyo zinapatikana pia katika jamii nyingi mbali na pwani.

Kumdhihaki mzazi mwenye imani hiyo hakumsaidii mtoto. Kinachosaidia ni mpangilio: kwanza kituo cha afya, na ibada au maombi ya familia yafuate mtoto akiwa tayari amepewa dawa. Kumchelewesha, kumchanja mwilini au kumnywesha dawa za mitishamba akiwa amezimia kunaweza kumuua.

Si kila mabadiliko ni malaria

Mwalimu na mzazi wanapaswa kujua kwamba yapo maambukizi mengine yanayobadilisha tabia ya mtoto kwa ghafla.

Homa ya uti wa mgongo hufanana sana na malaria ya ubongo, na mtoto anaweza kukutwa na vimelea vya malaria ilhali kinachomuumiza ni uti wa mgongo. Ugonjwa huo huweza kuacha uziwi. Mtoto anayeitwa mkaidi kwa sababu haitikii anapoitwa huenda hasikii, hivyo masikio yapimwe kabla ya kulaumu tabia.

Maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka huweza kuleta korea ya Sydenham, inayoitwa kwa jina la tabibu Mwingereza aliyeieleza mwaka 1686. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa wasichana, wiki au miezi kadhaa baada ya koo kupona. Mikono na uso huchezacheza bila hiari, kalamu huanguka, mwandiko huharibika, na mtoto hulia au kukasirika bila sababu. Akilala, kuchezacheza huko hukoma. Mwalimu asiyejua hudhani anafanyiwa mzaha.

Hali hiyo ni dalili ya homa ya rumatiki, ambayo huweza kuharibu vali za moyo. Mtoto wa namna hiyo apimwe moyo, na kwa kawaida atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha thamani ya sindano hizo kwa watoto ambao moyo wao ulikuwa na dalili za mwanzo tu: ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Nchini Marekani, mwaka 1998, daktari Susan Swedo na wenzake walieleza kundi la watoto walioanza ghafla kuwa na hofu, kurudiarudia vitendo na kutikisika viungo baada ya maambukizi hayohayo ya koo. Hali hiyo ilipewa jina la PANDAS. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mipaka yake na tiba yake, lakini wazo la msingi linakubalika: mabadiliko ya ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima yachunguzwe mwilini kabla ya kuhukumiwa kuwa tabia.

Dalili za kuangaliwa darasani

Mwalimu anaweza kuangalia mambo yafuatayo kwa mtoto aliyelazwa katika miezi iliyopita:
- Amesahau alichokijua, au anahitaji kurudiwa agizo lilelile mara nyingi.
- Anakodoa macho na kutoitikia kwa sekunde chache, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hii inaweza kuwa aina ya kifafa.
- Anashtukashtuka, anaanguka, au upande mmoja wa mwili umekuwa dhaifu.
- Amekuwa mkali, mwoga au mnyamavu kupita alivyokuwa.
- Anasema anaona au anasikia vitu ambavyo wengine hawavioni wala hawavisikii.
- Anachoka mapema, analala darasani, au amepauka viganja na midomo.

Mtoto aulizwe kwanza kwa lugha ya nyumbani. Anayeshindwa kujibu kwa Kiingereza huenda anajibu sawasawa kwa Kiateso. Akishindwa hata kwa lugha ya mama yake, hilo ni jambo la kumwambia mhudumu wa afya.

Degedege likitokea shuleni

Mlaze mtoto kwa ubavu, mbali na mawe na madawati. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza vifungo vya shingoni. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimnyweshe chochote, na usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au likijirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe kituo cha afya mara moja. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama degedege limekwisha kukoma.

Wanafunzi wengine waambiwe wazi kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Mtoto anayeogopwa na wenzake anaweza kuacha shule mapema.

Kazi ya mwalimu

Jambo la kwanza ni kuacha fimbo. Nchini Uganda, adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza pia. Kwa mtoto huyu kuna sababu zaidi ya sheria, kwani kumchapa kwa kusahau ni kumwadhibu kwa jeraha.

Mengine hayahitaji fedha. Mtoto akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati, kisha aulizwe alirudie kwa maneno yake. Kazi ndefu igawanywe vipande vifupi na apumzike katikati. Wiki za kwanza anaweza kuhudhuria nusu ya siku. Mwenzake mwaminifu aketi naye na kumkumbusha ukurasa. Asipande miti wala kwenda kuteka maji kisimani peke yake ikiwa bado anapata degedege.

Muhimu kuliko yote ni daftari dogo. Mwalimu aandike tarehe, saa, kilichotokea na kilichukua muda gani. Mhudumu wa afya anayemwona mtoto kwa dakika chache hawezi kuona yale ambayo mwalimu huyaona siku tano kwa wiki, na kurasa mbili za daftari hilo zinaweza kuamua matibabu.

Daftari hilo hutumika tena wakati wa mitihani. Baraza la mitihani la Uganda, UNEB, huruhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na lile la Kenya, KNEC, lina utaratibu wa aina hiyo. Shule isiyokuwa na maandishi ya kuthibitisha tatizo, na isiyolitaja mapema wakati wa usajili, itashindwa kumtetea mtoto wake.

Kazi ya familia

Hati ya kuruhusiwa kutoka hospitalini itunzwe. Katika mpaka huu mtoto anaweza kulazwa Tororo, akaishi kwa shangazi yake Malaba upande wa Kenya, kisha akasoma Busia. Karatasi ikipotea, kila kituo huanza upya. Mwalimu wa darasa apewe nakala, au angalau aelezwe kwa mdomo mtoto aliugua nini na kwa muda gani.

Mtoto arudishwe kituoni kwa uchunguzi hata kama anaonekana mzima, na tena akionyesha dalili yoyote mpya. Kwa Mukuju, njia huanzia kituo cha afya cha daraja la nne, kisha Hospitali ya Tororo, kisha hospitali ya rufaa ya Mbale. Wanaoishi upande wa Kenya huanzia vituo vya Teso na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia.

Akiandikiwa dawa za kifafa, anywe kila siku kwa saa ileile. Kuziacha ghafla kwa sababu degedege limetulia kunaweza kulirudisha kwa nguvu zaidi. Zikikaribia kuisha, mzazi asisubiri kopo liwe tupu.

Nyumbani, mazungumzo na michezo ni sehemu ya tiba: kuhesabu kokoto, kusimulia hadithi na kumwomba mtoto aimalizie, bao, vitendawili. Katika majaribio yaliyofanywa Kampala, watoto waliopona malaria kali walifanyishwa mazoezi ya akili kwa kompyuta kwa wiki 8, na baadhi ya uwezo wao ukaboreka. Kompyuta haipo katika kila kijiji, lakini kinachofundisha hapo ni zoezi linalorudiwa mara kwa mara na kupandishwa ugumu kidogo kidogo.

Kinga

Njia ya hakika ya kuulinda ubongo ni kuizuia malaria isifike huko. Mtoto wa shule alale ndani ya chandarua kama mdogo wake. Homa ipimwe siku ileile, na dozi imalizwe. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S mwezi Septemba 2019 katika maeneo ya magharibi, ikiwemo Kaunti ya Busia. Uganda ilianza kutoa chanjo ya R21 tarehe 2 Aprili 2025, kwa watoto wa miezi 6, 7, 8 na 18. Mzazi aliyepitwa na dozi ya mwisho aulize kituoni, kwani ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kwa mtoto ambaye tayari ameugua, bado kuna nafasi. Ubongo wake unaendelea kukua, na wengi huimarika wakipewa muda, matibabu na mafundisho yanayowafaa. Asiyerudi katika hali yake ya zamani pia ana haki ya dawati lake. Mwalimu akimwona mwanafunzi aliyebadilika ghafla, swali la kwanza la kumuuliza mzazi liwe hili: je, mtoto huyu aliugua homa hivi karibuni?